Uvimbe wa ubongo, hospitali mbili: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukigundulika una uvimbe wa ubongo, hospitali ya karibu haina tena kazi. Kimbilia ya chuo kikuu.

Ukweli: Inategemea uvimbe wenyewe na mahali ulipokaa. Meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) iliyo juu juu, chini tu ya fuvu, au uvimbe mmoja uliosambaa kutoka kwenye saratani ya pafu na unafikika kwa urahisi, hutolewa vizuri na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa hospitali ya karibu, mradi kuna chumba cha wagonjwa mahututi. Wa kupelekwa kituo kikubwa, yaani hospitali ya chuo kikuu, ni mwenye glioma (uvimbe unaotokana na seli za ubongo zenyewe) kwenye eneo la lugha, ambaye huamshwa katikati ya upasuaji aonyeshwe picha azitaje majina. Mwenye uvimbe wa sakafu ya fuvu au shina la ubongo. Na watoto karibu wote.

Lakini uvimbe ukiziba njia ya maji ya ubongo na mgonjwa akaanza kusinzia, safari ingoje. Kama daktari wa kuuweka yupo, mrija wa kutoa maji uwekwe hapo hapo, ndipo rufaa ifuate.

Dhana: Daktari anayeomba maoni ya kituo kikubwa anakiri kwamba hajui.

Ukweli: Hapana. Kesi inaweza kujadiliwa na jopo la wataalamu wa kituo hicho kwa video bila mgonjwa kutoka kitandani, na huenda jibu likawa "endelea na mpango wako".

Dhana: Barua ya rufaa na ripoti ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) vinatosha.

Ukweli: Ripoti ni maoni ya aliyezisoma picha. Anayepasua anataka picha zenyewe, katika faili za DICOM (muundo wa kompyuta wa picha za hospitali), wala si filamu iliyobandikwa dirishani, ikapigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp. Picha ya simu haipimiki, haigeuziki upande wa pili, na haiingii kwenye mashine inayomwongoza daktari ndani ya ubongo. Mashine hiyo inataka picha zilizokatwa vipande vyembamba vya milimita 1 hivi, visivyoachana, baada ya dawa ya kung'arisha uvimbe kwenye picha. MRI ya vipande vya milimita 5 inatosha kuonyesha kwamba uvimbe upo, basi. Ikitumwa hiyo peke yake, mgonjwa atarudishwa kupigwa nyingine. Simu moja kwa kituo kikubwa kabla ya kipimo huondoa usumbufu huo wote.

Dhana: Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, haidhuru; kila mgonjwa aanzishiwe kabla hajasafiri.

Ukweli: Kwa uvimbe mwingi dawa hii ni msaada mkubwa. Hupunguza maji yanayouvimbisha ubongo, na kichwa huanza kupoa ndani ya siku moja au mbili. Tatizo ni limfoma ya ubongo, saratani ya seli nyeupe za damu. Deksamethasoni huua seli zake, uvimbe ukanywea au hata kutoweka kwenye picha, kisha biopsi (kukata kipande cha uvimbe kikapimwe) ikaleta nyama isiyo na jibu. Kwa hiyo limfoma ikishukiwa na mgonjwa hayuko hatarini, dawa isubiri biopsi. Akiwa hatarini apewe bila kusita, ila dozi, tarehe na saa viandikwe kwenye rufaa.

Kosa la pili halionekani mapema. Aliyeianzisha anadhani kituo kikubwa kitaipunguza. Kituo kikubwa kinadhani ataipunguza aliyeianzisha. Mwezi wa pili mgonjwa bado yuko kwenye miligramu 16 kwa siku, sukari imepanda, na mapaja yamelegea hata kunyanyuka kitini hawezi. Wala haikatishwi ghafla, kwa sababu tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimekwisha kulala. Ratiba ya kuishusha iandikwe, pamoja na jina la atakayeisimamia.

Dhana: Uvimbe ukitolewa, kilichobaki ni majibu ya maabara.

Ukweli: Tangu uainishaji wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021, aina nyingi za glioma hazipewi jina kwa hadubini peke yake. Oligodendroglioma, mojawapo ya aina hizo, lazima iwe na mabadiliko ya jeni ya IDH pamoja na kupotea kwa vipande vya kromosomu viitwavyo 1p na 19q. Glioblastoma, glioma kali sana, ya mtu mzima lazima IDH yake iwe haijabadilika. Maabara isiyo na vipimo hivyo itume bloku ya nta yenye nyama, si slaidi mbili zilizokwisha kupakwa rangi. Nyama huwekwa kwenye formalini (maji ya kuihifadhi isioze) ya 10% yenye ujazo wa takriban mara 10 ya nyama yenyewe, na isilowekwe siku nyingi, maana DNA huharibika.

MRI ya baada ya upasuaji nayo ifanyike ndani ya saa 72. Ikichelewa, kidonda kinachopona hung'aa kama uvimbe uliobaki, na hakuna atakayeweza kuvitofautisha kwa uhakika.

Dhana: Ukipasuliwa chuo kikuu, matibabu yote yafanyike huko.

Ukweli: Mpango wa kawaida wa glioblastoma ni mionzi ya Gy 60 (grei, kipimo cha mionzi) kwa jumla, mara 30 kwa wiki 6, pamoja na temozolomaidi, dawa ya saratani ya kumeza kila siku, miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mionzi hutolewa penye mashine na wataalamu wake, na damu hupimwa kila wiki karibu na nyumbani. Kinachopaswa kurudi kwa jopo ni picha za ufuatiliaji, hasa za miezi 3 ya kwanza baada ya mionzi. Zinaweza kuonyesha uvimbe umekua, kumbe ni athari ya mionzi yenyewe, na mgonjwa akaachishwa dawa iliyokuwa ikimfaa.