"Nijazie nyimbo": matumizi binafsi yanaishia wapi?

Tunapotoa elimu ya hakimiliki vyuoni, mwanafunzi hawezi kukosa kuuliza: "Nikitoa kopi ya kurasa chache za kitabu nikasome hosteli, nimevunja sheria?" Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, Sura ya 218, inakuruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yako mwenyewe, bila kumwomba mtunzi wala kumlipa. (Zanzibar wana sheria yao, ya mwaka 2003.)

Mwenye steshenari ndiye anayetukalisha. Yeye anasema hauzi kitabu, anauza karatasi na wino tu. Matumizi ni ya mteja. Hoja ina ladha, ila haisimami. Ruhusa ile amepewa msomaji, si mwenye mashine. Ukishapanga rafuni nakala kumi za kitabu kizima, zimebaindiwa, zinasubiri wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wewe ni mchapishaji asiye na mkataba. Kijana wa "nijazie nyimbo", yule wa kibandani anayekuwekea nyimbo kwenye simu au flashi kwa malipo, naye ni hivyo hivyo: anacholipiwa ni nyimbo, hata akiita ufundi.

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unataka nakala za matumizi binafsi zisigongane na soko la kawaida la kazi yenyewe wala kumuumiza mtunzi isivyo haki. Kwa hiyo jiulize: nakala hii imeziba nafasi ya ile ambayo mtu angeinunua? PDF uliyoirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima haiwezi tena kuitwa yako binafsi, na kusema "sikuuza" hakukuokoi. Hata kama kitabu ulikinunua kwa fedha yako, ulinunua karatasi. Maneno ni ya mtunzi maisha yake yote, na ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake.

Siku hizi kuna utetezi mpya. Tangu Julai 2023 vifaa vya kunakilia vinatozwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5, basi mtu anatuambia: "Si nilishalipa niliponunua flashi?" Ulichangia kuwafidia wasanii kwa kunakili kunakofanyika majumbani. Leseni ya kufungua kibanda cha kujaza nyimbo hukupewa. Hiyo inaombwa, na inalipiwa peke yake.