RASIMU haitoki kwa sababu unaitafuta pasipo

Tena leo nimeletewa barua ya kwenda Mtumba, Mji wa Serikali Dodoma, na lawama ileile: "Makro imeharibika, neno RASIMU halifichiki." Ndugu zangu, makro, yaani programu ndogo ya Word inayoficha kisanduku cha maandishi chenye neno RASIMU, ni nzima. Imetumwa kutafuta kisanduku mahali ambapo hakipo.

Katika msimbo wa makro, ActiveDocument.Shapes inaona maumbo ya mwili wa waraka tu. Kilichomo kwenye heda (eneo la juu ya ukurasa) unakifikia kwa kupitia sekisheni (sehemu ya waraka yenye mpangilio wake): ActiveDocument.Sections(1).Headers(1).Shapes. Kisha Visible ya kisanduku iwe False, kisionekane. Basi.

Kinachonichosha ni imani kwamba waraka una heda moja. Kila sekisheni ina nafasi tatu: heda ya kawaida, ya ukurasa wa kwanza na ya kurasa shufwa. Barua zetu za ofisi nyingi zimewashiwa ukurasa wa kwanza tofauti, maana nembo na anwani hukaa pale peke yake. Ukificha kisanduku cha ukurasa wa kwanza, cha ukurasa wa pili kinabaki, na barua inafika kusainiwa nusu rasimu nusu rasmi. Katibu muhtasi akiongeza jedwali la bajeti kwenye ukurasa uliolazwa, sekisheni mpya imezaliwa. Akikata uhusiano wake na heda iliyotangulia, una kisanduku kingine tena.

Na hapa ndipo wengi huumia: japo umeandika Headers(1), orodha ya Shapes inayorudi hubeba maumbo ya heda zote na futa zote (maeneo ya chini ya ukurasa) za waraka mzima. Ukiamuru yote yafichwe, nembo inayoelea nayo inakwenda. Dawa ni majina. Ingia kwenye heda, bonyeza Alt+F10 upate orodha ya maumbo, "Text Box 4" iwe rasimu_1, nyingine rasimu_2, na makro iguse yanayoanza na rasimu tu. Herufi kubwa na ndogo zizingatiwe.

Kupaka maandishi rangi nyeupe msinitajie. Neno linabaki ndani ya PDF, anayenakili analipata.

Hata makro yenyewe ina jambo linalonipa wasiwasi: kuficha si kufuta. Yeyote mwenye faili anabonyeza Alt+F10 na kukirudisha kisanduku. Kama kina maoni ya ndani ya ofisi, mimi nakifuta kabisa. Tena ukihifadhi kama docx makro inaondolewa, na tangu 2022 Office huzuia makro za faili zilizotoka intaneti. Kwa hiyo kiolezo kikae kwenye kompyuta ya masijala, mpokeaji apelekewe PDF.