Je, wajua kwa nini tamasha la panki la watu weusi lilizaliwa kutokana na filamu?

Kwa miaka mingi neno panki nililijua kwa mambo mawili tu: mtindo wa nywele uliochorwa ukutani kwa kinyozi, na picha za vijana wa Kizungu wa London waliojitoboa masikio kwa pini, wapenzi wa panki, muziki wa roki wa kasi na kelele. Niliposikia kwamba huko Brooklyn, New York, kuna tamasha la watu weusi liitwalo Afropunk, niliamini papo hapo kuwa hao wameazima nguo ya jirani.

Nilikosea vibaya. Mwaka 1975 ndugu watatu weusi wa Detroit, wana wa familia ya Hackney, waliingia studio na bendi yao iliyoitwa Death wakarekodi nyimbo za gitaa kali zenye mwendo wa mbio, wakati Sex Pistols, bendi maarufu ya panki ya London, hawajatoa hata santuri moja. Walipotakiwa kubadili jina la bendi ili wapate mkataba walikataa, wakajichapishia nakala 500 za santuri ndogo ya nyimbo mbili tu. Philadelphia kulikuwa na bendi ya Pure Hell. Washington kulikuwa na Bad Brains, walioanzia kwenye jazi kabla ya kukoleza mwendo. Na huko huko London, Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex, baba yake alikuwa Msomali. Hata hivyo tusizidishe chumvi: albamu ya Death ilikaa kabatini hadi 2009, kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba waliofuata walijifunza kwao.

Ikiwa walikuwapo tangu mwanzo, kwa nini tamasha likasubiri hadi 2005? Chukua magunia mia ya mchele, kila gunia likiwa na punje moja ya choroko. Mwenye gunia akiiona huitupa, akidhani imeponyoka tu ghalani. Nayo choroko, ingekuwa na mdomo, ingeapa kuwa haina mwenzake duniani. Wakati huo choroko za kutosha chungu kizima zipo, ila hakuna aliyepitisha magunia yote kwenye ungo mmoja. Ungo huo ukawa filamu ya James Spooner ya mwaka 2003, ambamo vijana walieleza ilivyo kuwa mweusi pekee katika ukumbi mzima wa panki. Filamu ilipozungushwa mji kwa mji, waliokuja kuitazama walijikuta wameketi na watu wa aina yao, na kutokana na mikusanyiko hiyo Spooner na Matthew Morgan wakaanzisha tamasha katika ukumbi wa sanaa wa Brooklyn Academy of Music.

Katika miaka ya mwanzo, kando ya jukwaa palikuwa na uwanja wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, na kwa maoni yangu haukuwa pambo: jukwaa humwacha aliyekuja peke yake akiwa mtazamaji, lakini kwenye ubao atasubiri zamu, ataanguka, na atainuliwa na mtu asiyemjua.

Kiingilio kilikuwa bure hadi 2015, tiketi zilipoanza kuuzwa, ingawa wapo waliozipata kwa kujitolea kazi za kijamii. Spooner alikuwa ameshajitoa zamani. Desemba 2017 magitaa ya Afropunk yalifika Johannesburg, katika Constitution Hill, mahali palipokuwa gereza na ambapo leo hukaa Mahakama ya Katiba.