Hita ya Mafuta Haijazwi Hadi Juu

Kila baridi ya Julai inapobana Nairobi, tunaletewa hita za mafuta, zile zenye mbavu za chuma na magurudumu, na lalamiko huwa moja: "Ukiitikisa, mafuta yanacheza ndani. Yamepungua." Hayajapungua. Kiwandani waliacha nafasi ya hewa makusudi, na nafasi hiyo ndiyo inayoizuia hita isipasuke.

Mafuta yakipata moto hutanuka. Hita ya lita 5 ikitoka nyuzi 20 hadi 100, mafuta yake huongezeka kiasi cha kukaribia kujaza chupa ya soda ya mililita 300. Nayo imezibwa kabisa, haina hata kitundu cha kupumulia kama preshakuka. Ziada hiyo iende wapi? Huenda kwenye hewa, maana hewa hukubali kubanwa. Ikiwa ndani mna hewa ya lita moja hivi, shinikizo halifiki hata mara mbili ya lile lililokuwemo hita ikiwa baridi. Tairi ya matatu hubeba zaidi. Lakini mafuta hayabanwi. Hewa isipokuwepo, mzigo wote huangukia mabati membamba na mishono yake.

Mwaka juzi tuliletewa moja iliyofura mbavu mbili, mshono wa chini ukitoa jasho jeusi. Fundi wa mtaani alikuwa ametoboa juu, akamimina oili ya gari hadi pomoni, akaziba kwa gundi ya chuma. Kwa kuitazama, kazi safi. Ilidumu jioni moja.

Wengine huuliza kwa nini wasitie maji, ambayo ni ya bure (siku yakiwepo). Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Yakifungiwa ndani ya chuma, mvuke wake ungepandisha shinikizo upesi. Mafuta ya hita hayachemki kwa joto hilo.

Ile ta-ta-ta unayoisikia ukiiwasha ni chuma kikitanuka. Ubavu wa sentimita 60 hurefuka kama nusu milimita tu, wewe lala.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuilaza. Koili iko chini na lazima izame kwenye mafuta. Hita ikilala, hewa yaweza kuhamia kwenye koili, ikaungua kwa kukosa cha kupokea joto lake. Iliyobebwa na boda ikiwa imelala, isimamishe kama saa moja kabla ya kuichomeka. Wala usianike sweta za shule juu yake: joto hukosa pa kutokea, na swichi ya kukata moto, ambayo iliwekwa kwa dharura, inageuka kibarua wa kila usiku.

Ukiona doa la mafuta chini yake, chomoa plagi uiache ipoe. Usimpe mtu aichomelee. Mpelekee wa vyuma chakavu, naye mwambie ina mafuta ndani.