Springi imelala, shokomzoba imekufa

Wiki iliyopita mama mmoja anayesafirisha dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, aliingia dukani kwangu kununua shokomzoba za nyuma za pikapu. Nilimkumbuka. Alinunua jozi wakati wa Pasaka, na jozi nyingine miezi michache kabla ya hapo.

"Mayu, zile za Pasaka zimepatwa na nini?"

"Zimelala, mwanangu. Nikishapakia magunia, gari linakaa nyuma, taa zinamulika juu ya miti. Fundi kasema shokomzoba hazina nguvu."

Nilitoka naye nje, nikaingia uvunguni. Shokomzoba za Pasaka zilikuwa nzima, kavu, hazijavuja hata tone. Springi ndizo zilikuwa zimenyooka kama rula. Upande wa kulia jani la tatu, yaani bamba la tatu la chuma kwenye springi, lilikuwa limekatika pale pale kwenye tundu la senta bolti, ile bolti inayoyabana majani katikati, na ndani ya ufa kulikuwa na kutu, maana yake halikukatika jana wala juzi. Mama wa watu amelipia mara mbili kifaa kisichokuwa kinaumwa, na alikuwa amekunja noti mkononi kulipia mara ya tatu. Nimesikia neno hilo, "shokomzoba zimelala", likitumika ovyo kwa miaka, lakini siku ile liliniuma, kwa hiyo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Springi ndiyo inayobeba gari na mzigo wake: uzito ukija inakunjuka, uzito ukiondoka inarudi ilivyokuwa. Shokomzoba haibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya gari kupita kwenye shimo. Springi ikichoka, mafundi walionifundisha kazi walisema imelala. Shokomzoba ikichoka, walisema imekufa. Sikuwahi kuwasikia wakivichanganya vitenzi hivyo, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinataja ugonjwa wake.

Kosa kubwa limo kwenye jina lenyewe. Shokomzoba, au shokapu kwa wenye haraka, tumeipokea kutoka Kiingereza, na huko jina lake maana yake ni kifyonza mshtuko. Neno la kufyonza walilitoa kwenye Kilatini, lugha ambamo mzizi wake ni kunywa kwa kuvuta, kama mtoto anavyovuta uji. Sasa mtu akiambiwa kuna kifaa kinachofyonza mshtuko, ataachaje kuamini kwamba ndicho kinachopokea kishindo cha shimo? Lakini kishindo hupokewa na tairi kwanza, kisha springi. Shokomzoba inakuja baadaye, kumaliza kile ambacho springi imekianzisha. Wafaransa waliliona hilo, wakakiita kifaa hichohicho kwa jina linalotokana na kufisha, kuua nguvu ya mwendo. Hao wamesema kweli. Ingetufikia kwa jina hilo, nadhani yule mama angekuwa na noti zake.

Neno springi nalo lina habari yake. Kwa Kiingereza asili yake ni kuruka, kuchomoka ghafla. Ndiyo maana neno hilohilo kwao ni chemchemi ya maji, na pia ni majira ambayo mimea huchipua. Kiswahili kilikuwa na jina jingine kabla ya gereji kujaa maneno ya Kiingereza. Kamusi zetu zinalo: kamani. Watu walilitumia zaidi kwa springi ya saa. Kihindi nacho kina kamani kwa maana ya springi, na mzizi wake ni Kiajemi, kaman, yaani upinde, upinde ule wa kurushia mishale. Kwa hiyo Mwingereza aliipa springi jina la kuruka kwake, wengine wakaipa jina la kupinda kwake. Kwenye pikapu mimi naona hawa wa pili wametusaidia zaidi, kwa sababu springi ya nyuma ya pikapu ni upinde hasa. Chukua majani ya chuma, la juu refu lenye macho, yaani matundu ya kushikia, pande zote mbili, mengine yakipungua urefu kwenda chini, yabane katikati kwa senta bolti, yafunge kwenye ekseli kwa yubolti, bolti zenye umbo la U. Mzigo ukikaa upinde unanyooka. Ukinyooka unakuwa mrefu zaidi kutoka jicho hadi jicho, ndiyo maana jicho la nyuma halikushikizwa moja kwa moja kwenye chesesi bali linaning'inia kwenye kiungo kinachocheza. Kiungo hicho kikiganda kwa kutu, springi nzima itapiga kama mbao.

Wazo la majani hayo ni la zamani kuliko gari. Mwingereza Obadiah Elliott alipewa hataza ya springi za majani mwaka 1804, kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Na kanuni inayoziongoza ni ya zamani zaidi: mwanasayansi Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678, kwamba springi inanyumbuka kadiri ya nguvu inayoivuta. Kilo mia zikiishusha sentimita mbili, kilo mia mbili zitaishusha nne. Ukilishika hilo umeshaielewa springi.

Shokomzoba haiifuati kanuni ya Hooke hata kidogo. Ndani yake kuna pistoni inayotembea kwenye mafuta, na mafuta yanalazimika kupita kwenye vitundu vidogo. Ukiisukuma polepole, mafuta yanapita kwa nafasi yake. Ukiisukuma kwa kasi, yanagoma. Yaani inapinga kasi, haipingi uzito. Nguvu inayoizuia inageuka joto: simama baada ya barabara mbaya, iguse kwa tahadhari, utaikuta ya moto.

Siku ile nilimwonyesha mama kwa mikono. Nilichukua shokomzoba mpya ya mafuta kutoka kwenye rafu, nikaisimamisha sakafuni, nikaweka kiganja juu ya fito, nikaegemea. Ikashuka taratibu, ikitoa kasauti ka mafuta, mpaka chini kabisa. Nikaondoa mkono. Ikabaki chini. Zile za gesi zingerudi juu zenyewe, lakini nazo unaziweza kwa uzito wa mwili wako.

"Mayu, hiki kitu nimekikandamiza kwa mkono. Kitabebaje tani moja?"

Alikitazama muda mrefu, kisha akakishika mwenyewe, akakikandamiza na yeye.

Nimejiuliza mkanganyiko huu ulianzia wapi, na nadhani ni kwenye magari madogo. Kwenye IST na mengi ya aina yake, shokomzoba ya mbele imevalishwa springi ya kuzunguka, viwili hivyo vinakaa kama kitu kimoja, vinatoka pamoja na vinarudi pamoja. Fundi akisema "tunabadilisha shokapu", mara nyingi anashika vyote viwili. Mtu aliyejifunzia gari huko akinunua pikapu ya kubebea mzigo, anakuja na neno lake. Uvunguni mwa pikapu hakuna ndoa hiyo: majani yako peke yake, shokomzoba imesimama kando, imeshikiliwa na bolti moja juu na moja chini. Ziko shokomzoba za nyuma zinazouzwa zikiwa zimevishwa springi au mfuko wa hewa, na wauzaji husema zinabeba. Kinachobeba hapo ni ile springi au ile hewa, na uzito wote unaegemea kwenye kile kijibolti cha juu ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye "kuongeza springi", maana nalo limebeba imani isiyo yake. Anayesafirisha sangara kwenye barafu analijua tatizo. Lita ya maji ni kilo moja, na barafu ikiyeyuka ndani ya boksi uzito haupungui mpaka maji yamwagwe. Zamani, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, pikapu iliyolala nyuma ilijulikana pale kivukoni, kwa sababu ikipanda au kushuka bampa la nyuma lilikwangua chuma. Watu wakaenda kwa fundi springi: "Niongezee jani."

Jani likiongezwa vizuri linasaidia, sipingi. Springi yenye majani manne yanayolingana ukiiongezea la tano la aina hiyohiyo, ugumu wake unapanda kwa robo hivi. Lakini mafundi wengi huokota jani la gari jingine, na hapo unene ndio wenye neno. Ugumu wa jani hupanda kwa unene mara unene mara unene. Jani la milimita 8 lina ugumu zaidi ya mara mbili ya jani la milimita 6, kwa upana na urefu uleule, ingawa kwa macho tofauti yao ni ndogo mno. Jani moja nene lisiloendana na mkunjo wa wenzake linabeba mzigo wa wenzake, na ndilo litakalokatika.

Kupigisha springi motoni ndiko kunakonisikitisha zaidi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Ukikitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, ukakipiga nyundo kupata mkunjo, ukakiacha kipoe chenyewe, umekifuta mapishi yake. Kitatoka kimependeza, kimepinda kama kipya, na baada ya safari chache za mzigo kitalala tena. Wahunzi wetu wanalijua hili: wanachukua jani la springi lililochoka, wanalilainisha kwa moto ili walifanye panga, na mwishoni wanalipika na kulipoza upya ili lishike makali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka kwenye springi.

Na hata jani likiwekwa kwa ufundi wote, kilichoongezeka ni ugumu wa springi tu. Ekseli ni ileile, beringi zilezile, tairi zilezile, breki zilezile, chesesi ileile. Springi ya zamani ilikuwa inakuonya kwa kulala, umeinyamazisha. Kwenye pikapu kama Hilux nyingi kuna valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo inapima nyuma kumeshuka kiasi gani ili ijue breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Nyuma ikiinuliwa kwa majani na valvu isirekebishwe, inadhani gari ni tupu. Umepakia tani, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu. Hili nawaomba madereva walisikie hasa.

Kisha likirudi tupu kutoka Sengerema au Buchosa kwenye vumbi, springi ngumu inatupa matako ya gari hewani. Hapo sasa ndipo shokomzoba inahitajika kweli: springi ikiwa ngumu zaidi, inarudi juu kwa nguvu zaidi, na shokomzoba ya zamani inashindwa kuizuia. Kwa hiyo mtu aliyeongeza jani anaweza kweli kuhitaji shokomzoba nzito zaidi, lakini ni kwa ajili ya gari kurudi tupu, si kwa ajili ya kubeba. Na yubolti ziwe mpya, zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, maana majani mapya yanakaa vizuri yakishafanya kazi, na yubolti zinalegea.

Ukimsikia mtu anasema shokomzoba zimelala, usimcheke. Muulize tu: gari linakaa chini, au linarukaruka? Likikaa chini likiwa limesimama, ni springi. Lisimamishe tupu mahali tambarare, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, utaona upande gani umelala. Likipita tuta na kuendelea kupanda na kushuka mara tatu, nne, au tairi linaliwa kwa mabonde mabonde, au bomba la shokomzoba limelowa mafuta, basi hiyo imekufa, ibadilishe.

Sikumuuzia mama shokomzoba. Nilimwandikia nyuma ya karatasi ya risiti maneno ya kumpelekea fundi springi: "Springi za nyuma zimelala, kulia zaidi. Jani la tatu kulia limekatika. Shokomzoba nzima, zisiguswe." Alisoma kwa sauti, alipofika kwenye "zimelala" akasimama, akarudia, "springi zimelala", kisha akaikunja ile karatasi pamoja na noti zake, akazifunga kwenye pindo la khanga.