Rangi za Holi za nyumbani: maswali na majibu

Holi ni sikukuu ya Wahindu ya kukaribisha majira ya kuchipua. Huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kwa kawaida Machi. Usiku huwashwa moto wa Holika, na kukicha watu hupakana rangi. Wagujarati wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi siku hiyo ya rangi huiita Dhuleti.

Dukani rangi zimejaa. Ya nini nijisumbue kutengeneza?

Kwa sababu ya dukani mara nyingi huwezi kujua imetengenezwa na nini. Zamani huko India rangi ya chungwa ilitoka kwenye maua ya tesu yaliyochemshwa na kulazwa usiku kucha. Zilipoingia rangi za viwandani, uchunguzi ulikuta madini ya risasi kwenye nyeusi, salfeti ya shaba kwenye kijani na zebaki kwenye nyekundu. Machi 2012, mjini Mumbai, watu zaidi ya 100, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali wakitapika na kuona kizunguzungu baada ya kucheza rangi.

Basi nianzie wapi?

Jikoni. Kwa njano, chukua kijiko kimoja cha manjano, kile kiungo cha mchuzi, kwa viwili vya unga wa dengu, ule ule wa bajia. Kwa waridi, paruza bitiruti, kamua, changanya maji yake na unga wa mchele hadi ushikamane kama wa chapati. Utandaze kwenye sinia kivulini ukauke kabisa, uufikiche kwa viganja, kisha uchekeche mara mbili kwa kitambaa chepesi. Usiruke hatua hiyo ya mwisho, maana chembe ngumu ndizo zinazokwaruza jicho. Ukitaka nyekundu ya maji, loweka rosela iliyokauka. Rangi ya maji itumie siku hiyo hiyo; ikilala kwenye joto letu huchacha na kuzaa vijidudu.

Kwa kuwa ni ya asili, hata mtoto mchanga naweza kumpaka?

Hapana, mama. Na hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kuhusu hina, ambayo wengi huitumia kwa rangi ya kijani. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana Afrika Mashariki na nchi za Ghuba, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina tu. Ukiona mtoto amepauka, macho yamekuwa ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na useme alipakwa nini. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele, isiguse ngozi ya mtu yeyote. Ina kemikali inayoweza kuunguza na kuacha kovu.

Wengine hugeuza manjano kuwa nyekundu kwa kutia chokaa ya tambuu. Rangi inapendeza kweli, lakini chokaa ikiingia jichoni huunguza. Iache. Hata manjano yenyewe yachague: Bangladesh iligundulika kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha kwa kromati ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Nunua mabichi, ukatekate, ukaushe na kusaga mwenyewe.

Na mapambo ya nyumba?

Mlangoni tundika torani, yaani kamba ya mapambo, ya majani ya mwembe na maua. Rangoli, yaani michoro ya mapambo ya sakafuni, ichore kwa unga wa mchele badala ya unga wa mawe, ambao vumbi lake ni baya kwa mapafu. Iwe kando ya njia. Bibi asije akateleza.

Ninachokiogopa zaidi ni unga karibu na moto. Juni 2015, huko Taiwan, unga wa rangi uliorushwa hewani kwenye tamasha ulilipuka. Watu 15 walifariki na mamia wakaungua. Ulikuwa wanga wa mahindi, kitu cha jikoni. Kwa hiyo usirushe unga penye taa za mafuta wala kwenye moto wa Holika, na usicheze ndani ya chumba kilichofungwa. Mwenye pumu akae mbali na vumbi, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni.

Rangi ikiingia jichoni?

Usifikiche. Toa lenzi kama umevaa, uoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Maumivu au ukungu ukibaki, nenda hospitali.

Ngozi na nguo nitazisafishaje?

Jipake mafuta ya nazi kabla ya kutoka. Ukirudi, sugua taratibu kwa unga wa dengu na mtindi. Mafuta ya taa kamwe. Na usishtuke sabuni ikigeuza doa la manjano kuwa jekundu: ndivyo manjano yalivyo yakikutana na sabuni. Suuza vizuri, anika nguo juani, doa litafifia lenyewe.