Mkaa ukishakolea hauna moshi? Ngoja niwaeleze

Kazi yangu ni kupima hewa, na sehemu ninayopima zaidi si barabarani kwenye foleni kama watu wanavyodhani, ni jikoni. Juzi nimefunga kifaa changu kwenye banda la mama lishe mmoja hapa Dar, akaniangalia akacheka, akasema "mwanangu unahangaika bure, mkaa ukishakolea hauna moshi". Hayo maneno nayasikia karibu kila ninapokwenda na ndo yamenifanya niandike leo.

Moshi unaouona kwa macho sio wote. Kuna chembe zinaitwa PM2.5, yaani upana wake hauzidi maikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama maikromita 70 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Vumbi la kawaida linanasa puani na kooni, unakohoa unatema basi, lakini hizi zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na nyingine zinapenya kwenye damu, ndo maana hewa chafu haileti pumu tu, inaleta kiharusi na ugonjwa wa moyo, na watoto wadogo inawapa nimonia. Halafu huo mkaa mwekundu "usio na moshi" unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, ndo ile inayoua watu waliolala na jiko ndani wakafunga madirisha sababu ya baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto chini ya miaka 5. Mi hiyo namba kila nikiisoma naumia.

Sasa tabianchi inaingiaje hapo? Ni moto ule ule jamani. Kule porini magogo yanafukiwa udongo kwenye tanuri yaungue polepole, kilo moja ya mkaa inaweza kula kuni kilo 5 mpaka 10, na hilo tanuri linatoa methani, gesi inayopasha dunia joto, na masizi. Masizi kwa kuwa ni meusi yananyonya jua na kupasha hewa, ila hayakai sana, siku chache au wiki mvua inayaosha, kwa hiyo tukipunguza leo faida tunaiona haraka. Hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, ndo mgeni asiyeondoka, nyingine inabaki angani mamia ya miaka. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni, vipimo vya kituo cha Mauna Loa kule Hawaii vilipoanza 1958 ilikuwa kama 315, sasa hivi imepita 420.

Na niseme ukweli, hatujafika hapo kwa sababu ya jiko la mama lishe. Ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa zaidi na nchi tajiri kwa miaka zaidi ya mia. Ila maumivu tunayapata sisi, kuanzia mwishoni mwa 2020 Kenya, Somalia na Ethiopia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, halafu mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko.

Serikali yetu imeweka lengo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo zuri kabisa, lakini shida naiona palepale bandani. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, hela ya leo inatosha ya leo, mtungi wa gesi ukiisha unataka hela yote kwa mkupuo, kwa hiyo huyu mama anao mtungi anachemshia chai tu, maharage anabandika kwenye mkaa masaa matatu huku mjukuu wake amekaa pembeni ya jiko. Nikamwambia kuna jiko la presha la umeme linaivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Akaacha kupepea, akaniuliza, "na maharage ya sahani 60 je, yataingia humo?"